Vimeng'enya jikoni: moto uje lini?

Pika uji mzito: nusu lita ya maji, gramu 120 za unga wa mahindi, mpaka uive na ukiinua mwiko udondoke kwa mabonge. Ugawe kwenye sufuria mbili. Ya kwanza, ikiwa bado inatokota jikoni, itie kijiko cha chai kilichojaa unga wa kimea cha ulezi (ulezi ulioota, ukakaushwa na kusagwa), ukoroge. Ya pili iepue, iache ipoe mpaka nyuzi 60 hivi za Selsiasi, ndipo utie kimea kilekile kwa kipimo kilekile. Subiri dakika 10. Sufuria ya kwanza bado ni mabonge. Ya pili imelegea, inamiminika kwenye kikombe, na ukiionja ina utamu wa mbali ingawa hujatia sukari.

Unga ni mmoja, kimea ni kimoja. Tofauti ni moto ulikuja lini. Anayelielewa hilo vizuri ameshaelewa sehemu kubwa ya habari ya vimeng'enya, na mengi ya jikoni kwetu, kuanzia mishkaki hadi kisamvu, yanafuata kanuni hiyohiyo.

Ndani ya kimea mna amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga. Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi. Ikipikwa majini hutanuka, hushika maji, na uji hukaza. Amilesi huikata vipande vifupi, na vipande vifupi haviwezi kushika maji kama mwanzo, kwa hiyo uji hulegea. Baadhi ya vipande hivyo ni sukari iitwayo maltosi, na ndiyo ule utamu. Chakula chenyewe hakijapungua. Hili lina maana kubwa kwa mtoto wa miezi 8 ambaye tumbo lake ni dogo: uji mwepesi wa kawaida huwa na gramu 50 au 60 tu za unga kwa nusu lita ya maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya kikombe ni maji. Ukilegezwa kwa kimea, kikombe kilekile kinabeba unga mara mbili na mtoto anaweza kuumeza.

Kimeng'enya ni protini. Ni uzi mrefu wa asidi amino uliojikunja na kujifunga kwa namna moja maalumu, na katika mikunjo hiyo kuna kishimo kimoja ambacho kazi yote hufanyika humo. Molekuli inayofaa huingia kishimoni, hukazwa kidogo, hukatwa au huunganishwa, hutoka, na nyingine huingia. Kimeng'enya chenyewe hubaki kama kilivyokuwa, ndiyo maana kidogo tu kinatosha kwa sufuria nzima. Hakifanyi jambo lisilowezekana. Wanga ungeweza kukatika wenyewe majini, ila ungechukua miaka mingi, kwa sababu kila mmenyuko una kizingiti cha nishati cha kuvuka. Kimeng'enya hukishusha kizingiti hicho.

Shuleni tulizoea kusikia kwamba joto "linaua" kimeng'enya. Neno hilo linapotosha, na linafaa kuachwa. Kimeng'enya hakikuwa hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira, akaikamua maji yake na kutenga chembe hai zote, na bado maji yale yaliichachusha sukari. Kinachopotea kwenye moto ni umbo. Uzi unafumuka, kishimo kinatoweka, na nyuzi zilizofumuka zinanasana. Ndicho kinachotokea kwa ute wa yai kwenye kikaango: ulikuwa wazi, sasa ni mweupe, na ukipoa haurudi kuwa wazi. Baridi haifanyi hivyo. Baridi hupunguza tu kasi ya molekuli kukutana, umbo likabaki salama, na joto likirudi kazi inaendelea. Kukausha nako hivyohivyo: maji yakiondoka kimeng'enya kinatulia, kikiloweshwa kinaamka. Weka hili akilini mpaka tufike kwenye muhogo.

Kwa hiyo mchoro wa joto na kasi ya kimeng'enya hauna pande mbili zinazofanana. Upande wa baridi ni mwinuko wa taratibu: kwa vimeng'enya vingi, kila nyuzi 10 unazoongeza kasi huongezeka karibu mara mbili. Upande wa moto ni genge. Ukishavuka kiwango chake, nyuzi chache tu zinatosha kumaliza kila kitu kwa dakika moja au mbili. Ukikosea joto, basi, kosea upande wa baridi: utasubiri zaidi, lakini hutapoteza kitu. Anayefua kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya kisha akaimwagia maji yanayochemka ameshaiharibu kabla haijagusa doa. Maji ya nyuzi 40 yanatosha, na nguo ikae humo nusu saa. Sufu na hariri usiziloweke na sabuni hiyo, maana nazo ni protini.

Turudi kwenye kimea, kwa kuwa wengi hukosea kukitengeneza kabla hata ya kufika jikoni. Chukua ulezi safi wa mbegu, si ule uliokaa ghalani miaka au uliokaangwa, kwani hautaota. Osha, loweka saa 12 hadi 24, mwaga maji. Tandaza juu ya kitambaa kibichi au gunia safi, tabaka jembamba, funika, nyunyizia maji mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya siku 2 hadi 3 vichipukizi vitakuwa vimetokeza. Hapo punje imejaa amilesi, kwa sababu mmea mchanga unahitaji kuugeuza wanga wa akiba uwe sukari ya kuanzia maisha. Ukingoja siku 5 au 6 wanga wenyewe utakuwa umeliwa na mche. Anika juani mpaka zikauke kabisa, sugua kwa viganja ili vichipukizi na mizizi vidondoke, pepeta, saga. Usizikaange wala usizikaushe karibu na moto mkali. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, tupa zote: tabaka lilikuwa nene mno au maji yalituama.

Mtama nao hutoa kimea kizuri, lakini vichipukizi vyake vina dhurini, kemikali inayotoa sumu kali iitwayo sianidi, kwa hiyo kuvisugua na kuvipeperusha ni lazima. Ulezi hauna tatizo hilo, ndiyo sababu kwa uji wa watoto mimi naushauri ulezi.

Matumizi: uji uive kwanza. Wanga mbichi umefungika kwenye chembe ngumu ambazo amilesi haiingii kwa urahisi, na wanga wa mahindi huanza kufunguka kwenye nyuzi 62 hadi 72. Epua, acha sufuria wazi, koroga mara kwa mara kwa dakika 10 hadi 15 ili ushuke hadi nyuzi 60 hivi. Tia kijiko kimoja cha chakula, kilichosawazishwa juu, kwa kila nusu lita. Koroga, funika, subiri dakika 5 hadi 10. Ukishalegea rudisha jikoni uchemke dakika chache. Huu moto wa pili una kazi mbili. Kwanza unaua vijidudu vilivyozaliana wakati nafaka ilipokuwa imelowa siku mbili, na hapo neno "kuua" ni sahihi. Pili unasimamisha amilesi, la sivyo uji utaendelea kulegea hadi uwe kama maji. Usipolegea kabisa, sababu kwa kawaida ni moja kati ya tatu: uji ulikuwa moto mno, nafaka haikuota, au kimea kilikaushwa kwa moto.

Kwa njia, kimeng'enya cha kwanza kupewa jina kilitoka kwenye kimea. Mwaka 1833 Anselme Payen na Jean-François Persoz huko Ufaransa walikipata kwenye kimea cha shayiri, wakakiita diastesi. Ule mwisho wa jina ndio tunaousikia hadi leo kwenye amilesi, katalesi na wenzao. Wapika mbege wa Kilimanjaro, wanaochanganya ndizi na kimea cha ulezi, wanakitumia kimeng'enya hichohicho.

Papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ni kisa kingine cha joto, ila hapa moto ni rafiki kwa muda. Utomvu mweupe unaotoka ukikwaruza ganda la papai lisiloiva una papeini, kimeng'enya kinachokata protini. Papai likiiva utomvu huo hupungua sana, kwa hiyo papai la njano halitakusaidia. Papeini ni ngumu kuliko vimeng'enya vingi: hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye nyuzi 60 hadi 70. Maana yake, nyama ikikaa kwenye friji na papai, kinachotokea ni kidogo. Kazi kubwa hufanyika nyama inapopanda joto polepole juu ya makaa, kabla haijafika mahali papeini inapofumuka.

Kwa kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vya sentimita 2 au 3, kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokunwa pamoja na ganda lake kinatosha. Changanya na tangawizi (nayo ina kimeng'enya chake cha protini), acha saa 1 au 2, choma. Ukiiacha usiku kucha au ukizidisha papai, nje ya nyama itakuwa kama ugali uliolowa na ndani itabaki ngumu, kwa sababu papeini hupenya milimita chache tu. Bonge kubwa la nyama halilainishwi kwa kungoja zaidi, linalainishwa kwa kukatwa vipande vidogo. Ndimu tupu usiitie pamoja na papai. Asidi yake ni kali na papeini haiipendi. Mtindi hauna shida. Utomvu unawasha ngozi, basi vaa glavu au paka mafuta mikononi.

Hapo ndipo asidi inapoingia. Kishimo cha kimeng'enya kina chaji za umeme zilizopangwa, na asidi au magadi hubadilisha chaji hizo. Kidogo tu, na molekuli haishikiki sawasawa. Kikizidi, umbo lote linafumuka kama kwa moto. Kila kimeng'enya kina pH yake (kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali) kulingana na mahali kinapofanya kazi. Amilesi ya mate hupenda pH karibu 7, kwa hiyo ugali uliouanza mdomoni unaacha kukatwa mara asidi ya tumbo inapoulowesha. Pepsini ya tumboni hutaka pH karibu 2 na nje ya hapo ni kama haipo. Tripsini ya utumbo mwembamba hutaka karibu 8, na ndiyo maana kongosho humwaga maji ya bikaboneti pamoja nayo. Parachichi lililokatwa hugeuka kahawia kwa kimeng'enya cha nyama yake mwenyewe kinapokutana na hewa. Matone ya ndimu hushusha pH na vitamini C yake huyarudisha nyuma mabadiliko ya rangi, hivyo unapata saa kadhaa kabla halijageuka.

Wingi nao una kanuni yake. Fikiria makuli 10 wanaoshusha magunia ya saruji. Lori likija na magunia 5, makuli wengine wanakaa bure. Magunia yakiwa 200, wote wana mzigo mgongoni, na ukileta ya 400 kasi haibadiliki hata kidogo. Cha kuongeza sasa ni makuli. Kimeng'enya ni hivyo. Ukiongeza malighafi kasi hupanda, kisha hufika dari kwa sababu vishimo vyote vimejaa. Ukiongeza kimeng'enya, malighafi ikiwa tele, kasi hupanda sambamba nacho: kimea mara mbili, uji unalegea kwa karibu nusu ya muda. Leonor Michaelis na Maud Menten waliiandika kanuni hii kwa hesabu mwaka 1913 na bado inatumika.

Mwanafunzi anayetaka kuyaona haya kwa macho anunue duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Kata kiazi mbatata vipande vya sentimita 1, kimoja kibichi, kimoja kilichochemshwa dakika 5 na kupoa, kimoja kilichogandishwa kisha kikayeyuka, kimoja kilicholowekwa kwenye siki dakika 10. Kila kimoja kwenye glasi yake, mimina mililita 20 za peroksaidi. Katalesi ya kiazi huivunja kuwa maji na oksijeni, na povu ndilo kipimo chako. Kibichi kitatoa povu, kilichochemshwa hakitatoa. Cha siki kitazorota. Kile kilichogandishwa mara nyingi hutoa povu hata zaidi ya kibichi, na wengi hudhani wamekosea. Hawajakosea: barafu imepasua chembe hai za kiazi na katalesi imemwagika nje. Povu likikosekana kote, peroksaidi imeisha nguvu kwa kukaa wazi au kwenye mwanga.

Hilo la chembe kupasuka ndilo linalotupeleka kwenye muhogo, na hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu hapa kosa la mpangilio wa moto linaweza kumlemaza mtu.

Muhogo mchungu una linamarini, kemikali inayotoa sianidi, na kimeng'enya cha kuivunja, linamaresi, kimo humohumo. Ila vimetenganishwa: linamarini imo ndani ya chembe, kimeng'enya kimo kwenye kuta zake. Mradi muhogo ni mzima, havikutani. Ukiukuna, ukiutwanga au ukiuvundika, vinakutana, linamarini inavunjika, na mwisho wake sianidi inatoka kama hewa. Huchemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo ikiachwa wazi inaruka. Huu ndio ulinzi wa mmea dhidi ya walao, nasi tunaugeuza uwe njia ya kuusafisha.

Sasa angalia kosa. Ukichukua muhogo mchungu mzima ukautupa kwenye maji yanayochemka, linamaresi inafumuka ndani ya dakika chache. Linamarini yenyewe haitishwi na maji ya moto. Inabaki ndani ya muhogo, inaliwa, na mwilini bakteria wa utumbo huweza kuivunja. Moto umeondoa kilichokuwa kinatusaidia na kuacha sumu. Kwa kisamvu ni vilevile, tena majani yana linamarini nyingi kuliko mizizi. Waliotuachia utaratibu wa kutwanga kisamvu kwenye kinu kabla ya kukipika walikuwa sahihi kabisa. Twanga mpaka kiwe laini, si kuchana kwa mikono tu. Twangia mahali penye hewa, kisha chemsha bila mfuniko. Kinu kwanza, moto baadaye.

Makopa yana hatari ya aina nyingine. Vipande vikubwa vilivyokauka haraka juani havikupasuka chembe, na maji yalipoisha linamaresi ikatulia kabla ya kumaliza kazi. Unga wake unaweza kuwa na sianidi mara nyingi zaidi ya miligramu 10 kwa kilo, kiwango cha juu kinachokubaliwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya. Lakini kimeng'enya bado kimo kwenye unga, kimelala. Howard Bradbury na wenzake wa Australia walijenga njia rahisi juu ya jambo hilo, nayo imetumika vijijini Bandundu huko Kongo. Tia unga kwenye beseni, weka alama kwenye kimo chake. Ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza kwenye jamvi au ungo, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi hupungua mara 3 hadi 6. Pika ugali siku hiyohiyo, maana unga mbichi huchacha. Ukiurundika nene, hewa haitoki. Na ikiwa muhogo ulichemshwa kabla ya kuanikwa, njia hii haitafanya kitu, kwa kuwa hakuna kimeng'enya cha kuamsha.

Sianidi yenyewe huua kwa kuziba kimeng'enya. Ndani ya mitokondria, sehemu za chembe hai zinazozalisha nishati, kuna kimoja chenye chuma ambacho hukabidhi oksijeni kazi ya mwisho ya kupumua kwa chembe. Sianidi hukaa juu ya chuma hicho, na chembe hukosa hewa ilhali damu imejaa oksijeni. Kipimo kidogo cha kila siku, kwa wiki nyingi, huhusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla usiopona. Ulitokea Msumbiji mwaka 1981, Tarime mwaka 1985, na Kongo mara nyingi, hasa miaka ya ukame, watu wakila muhogo mchungu ulioharakishwa bila kitoweo.

Kitoweo hakitajwi hapo kwa bahati. Mwili una kimeng'enya kiitwacho rodanesi kinachoibadilisha sianidi kuwa thiosianati, ambayo hutoka na mkojo. Ili kifanye kazi hiyo kinahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye asidi amino za protini tunayokula. Bila salfa, makuli wapo na mzigo upo, ila hawana magunia ya kuutilia. Sahani ya ugali wa muhogo yenye dagaa au maharage inakipa rodanesi salfa yake. Ugali huohuo na chumvi tupu haukipi.